Hela ya Sabuni

Hapa Nyololo, kwenye nyanda za juu za Mufindi, Iringa, mwanamke akijifungua, majirani hawaulizani wapeleke nini. Wanapeleka sabuni. Mmoja atakuja na kuni, mwingine na unga wa uji, mwenye uwezo atakuja na kuku, lakini kwenye pindo la kanga au ndani ya kikapu kutakuwa na mche wa sabuni au kipande chake. Aliyekosa kabisa atamtia mzazi noti mkononi na kumwambia, "Hiyo ya sabuni, mwanangu." Mgonjwa aliyelazwa Mafinga anapelekewa sabuni. Mtoto anayekwenda bweni anafungashiwa sabuni. Aliyefiwa, aliye mahabusu, bibi anayeishi peke yake, mgeni anayeaga, wote hupewa ya sabuni. Na kijana aliyeko Dar es Salaam akimtumia mama yake fedha kwa simu, iwe elfu tano au laki, atapiga baadaye aseme, "Mama, nimekutumia hela ya sabuni."

Mimi nauza sabuni. Duka langu liko Njiapanda, pale barabara ya Igowole, Kibao na Mgololo inapoachana na barabara kuu iendayo Makambako na Mbeya, na nimewauzia watu wa pande zote hizo tangu enzi za Mzee Ruksa, Rais Mwinyi. Vijana waliosoma huniuliza: kwa nini sabuni, mama? Kwa nini isiwe sukari, au chumvi, au mafuta ya kula? Kaunta ikiwa na watu huwa nawajibu kwa neno moja au mawili. Hapa nitajibu kwa urefu, maana jibu lenyewe linaanzia kabla ya duka langu na kabla ya lami, na sehemu yake inapitia Ufaransa na Uingereza.

Bibi mzaa mama alikuwa Mbena wa upande wa Ilembula, na aliyajua maji ya majivu kabla hajaijua sabuni. Nikiwa mdogo nilimwona akiyatengeneza, ingawa siku hizo sabuni ilikwishaingia nyumbani. Alichukua chungu kikuukuu kilichotobolewa matundu kitakoni, akatandika nyasi kavu ndani, kisha akakijaza majivu. Hakutaka majivu ya kuni za kawaida. Aliyataka ya maganda ya maharage na mabua yake, aliyoyachoma peke yake pembeni ya uwanja. Akakiweka chungu juu ya kingine, akamwaga maji kidogo kidogo, akaenda shambani. Jioni chungu cha chini kilikuwa na maji ya rangi ya chai. Alichovya kidole, akakisugua na dole gumba. Yakiteleza, yamekuwa. Maji hayo yalilainisha maharage jikoni, yakaivisha mboga, na yaliyobaki yakafulia kaniki mtoni. Mikono ilipochubuka kwa ukali wake, ilipakwa mafuta ya nyonyo.

Usafi huo haukuhitaji duka. Kila nyumba ilikuwa na moto, na kila moto una majivu. Hakuna aliyeweza kumnyima mwenzake, na ndiyo maana sijapata kusikia kwa wazee kwamba mtu alimpelekea mzazi zawadi ya majivu.

Nguo nyeupe ndiyo iliyovunja utaratibu ule. Kaniki ni nyeusi au buluu iliyokolea; haisemi sana kuhusu vumbi. Wamisionari wa Kijerumani wa Berlin walipoweka vituo Kidugala, Ilembula na Lupembe, na Wakatoliki walipojenga Tosamaganga, shati na gauni jeupe vikawa mavazi ya ubatizo, ya kipaimara na ya shule. Maji ya majivu yanang'oa uchafu, lakini nguo nyeupe huiacha na umanjano. Nguo nyeupe ilitaka sabuni, na sabuni ilikuwa mikononi mwa wenye nacho: mmisionari, mwalimu, mwenye shamba, Mhindi wa dukani. Kwa mara ya kwanza usafi wa mtu ukawa unategemea mtu mwingine aamue kumpa, kumwuzia au kumlipa.

Na mafuta ya sabuni yenyewe yalikuwa yanatoka huku. Katika karne ya 19 meli za Marseille zilikuwa zinakuja Unguja na pwani yake kuchukua ufuta na mbata, na kuvipeleka kwenye viwanda vya mafuta na sabuni vya mji ule. Mkulima wa pwani aliuza ufuta kwa bei ya ufuta. Sabuni, aliyeitaka, aliinunua kwa bei ya sabuni. Mwenye duka yeyote anajua tofauti ya bei hizo mbili inaishia mfukoni mwa nani.

Kwa ukoo wetu sabuni ya dukani iliingia na manamba. Waingereza walidai kodi kwa fedha taslimu, na sehemu nyingi za nyanda hizi hazikuwa na zao la kuuza. Wabena, Wakinga na Wahehe wengi wakaenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, na kuchukua vijana kutoka Njombe kukawa kazi ya kupangwa. Baba alikwenda akiwa kijana asiye na ndevu. Aliporudi alibeba sanduku la bati lenye blanketi, kaptula mbili, shati, na miche ya sabuni ya manjano iliyofungwa ndani ya gunia.

Habari ya miche hiyo baba aliisimulia mpaka uzeeni. Bibi mzaa baba aliitazama, akanusa, akaomba kisu. Kipande kwa shangazi, kipande kwa mke wa kaka mkubwa, kipande kwa jirani aliyekuwa akimlimia baba alipokuwa hayupo, kipande kwa mama mmoja aliyekuwa na kichanga. Baba alidai kwamba kilichobaki nyumbani kilikuwa kidogo kuliko vyote vilivyotoka, naye ndiye aliyekatwa na miba ya mkonge. Bibi alimjibu kwamba blanketi hawezi kulikata.

Jibu hilo la bibi ni robo ya jibu langu, na nitalirudia. Kwanza niseme habari ya karanga, kwa sababu baba mkubwa alikuwa Kongwa akichimbua visiki, na hakupata kujua alikuwa anavichimbua kwa ajili ya nini.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta. Sabuni ilikuwa inatolewa kwa mgawo kule London tangu Februari 1942, na mgawo huo haukuondolewa mpaka Septemba 1950. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company iliyokuwa mali ya Unilever, watengenezaji wa sabuni na siagi ya mimea, aliipelekea serikali yake wazo: ifyekwe Tanganyika, ipandwe karanga kwa matrekta, mafuta yaende Uingereza. Serikali ikakubali. Zilipangwa ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa hapa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi uligeuka mgumu ukavunja majembe ya chuma, mvua hazikufuata mpango, na matrekta yakaharibika kwa haraka kuliko yalivyotengenezwa. Mapema mwaka 1951 mradi ulifutwa baada ya kula paundi milioni 36 hivi. Nchi nzima ilijua habari ya karanga zile, wachache walijua kwamba nyuma yake kulikuwa na mama wa Kiingereza aliyepanga foleni ya sabuni. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu dukani. Sisi foleni yetu ilikuja baadaye, na hakuna aliyefyeka nchi ya watu kwa ajili yetu.

Miaka ya kwanza ya Uhuru ilikuwa mizuri kwa sabuni. Nilizaliwa mwaka wenyewe wa Uhuru, 1961, na katika kumbukumbu zangu za utotoni mche wa sabuni uko juu ya kenchi jikoni, ukikaushwa kwa moshi. Kukausha ni elimu. Sabuni mbichi inayeyuka kwenye beseni kabla shati halijatakata; iliyokauka inasinyaa, inakuwa ngumu, na inadumu. Mpaka leo wazee wakija dukani hubonyeza mche kwa kidole gumba kabla ya kulipa, na wakiuona laini huniambia niutafutie mwenye haraka.

Barabara nayo ilisaidia. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ililazimika kupitisha mafuta na shaba yake Dar es Salaam, na malori yakapita hapa kwenye tope na vumbi mpaka lami ilipowekwa miaka ya mwanzo ya 1970. Njiapanda ikawa mahali pa kusimama, na palipo na lori linalosimama kuna anayeuza na anayenunua. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wazima wapatao milioni mbili nchini walikaa kwenye vikundi kusikiliza redio na kujifunza habari za malaria, safura, kichocho na kuhara damu. Baba alichimba choo kipya kwa sababu ya redio. Mama aliendelea kufanya alichokuwa akikifanya, akasema redio imechelewa.

Halafu sabuni ikapotea.

Haikupotea siku moja. Februari 1977 mpaka na Kenya ulifungwa wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, na bidhaa za viwanda vya Nairobi, sabuni zikiwemo, hazikuja tena kwa njia ya halali. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, vita ikala fedha za kigeni, na mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ikapanda. Viwanda vyetu vya sabuni vilikuwa Dar es Salaam na Tanga, lakini kiwanda bila kostiki na mafuta ya kuagiza nje ni jengo tu. Kufikia 1981 mche wa sabuni ulikuwa unazungumzwa kwa sauti ya chini.

Ajabu ya nyanda zetu ni kwamba hatukuwa na njaa. Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ndiyo mikoa iliyokuwa inalisha nchi mahindi. Wenzetu mijini walikuwa wanakula ugali wa yanga, unga wa njano wa msaada. Sisi tuliuza mahindi meupe kwa Shirika la Usagishaji, tukapewa hela, hela ikakosa cha kununua. Watu wanasema fedha ni sabuni ya roho. Basi miaka ile ya roho tulikuwa nayo, ya nguo ndiyo tuliyoikosa. Wapo waliopunguza mashamba kwa sababu hiyo. Mume wangu alisema wazi: nikiuza gunia la kumi nitapata karatasi, na karatasi haitoi povu.

Bidhaa zilishuka kutoka RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, zikagawanywa wilayani, zikafika kwenye duka la kijiji, na pale zikagawiwa kwa kaya kwa orodha ya balozi wa nyumba kumi. Siku ya sabuni watu walianza kupanga foleni usiku, na aliyetaka kwenda kunyonyesha aliweka jiwe au ndala mahali pake. Mche mmoja ulikatwa kwa kaya kadhaa. Kaya ya mzee peke yake na kaya ya watoto tisa zilipata kipande kilekile, kwa sababu orodha ilihesabu milango tu. Karani mmoja, ambaye jina lake halina faida hapa, alikuwa hodari wa kukata kwa upanga, na kila alipokata, chembe zilizodondoka alizikusanya kwenye gazeti akaenda nazo kwake. Tuliona. Hakuna aliyesema, kwa sababu yeye ndiye angekata tena mwezi ujao.

Pwani walifulia majani ya mpapai. Huku baridi ya Juni na Julai haiupi mpapai nafasi. Wanawake wa rika la mama walirudi kwenye majivu, na sisi wasichana tukajifunza upya kazi tuliyoiona ya bibi zetu. Waliokuwa na ndugu Kyela walipata mawese, na mawese yakikutana na kostiki yanakuwa sabuni. Nimeitengeneza kwa mikono yangu. Kostiki unaitia kwenye maji, na si maji kwenye kostiki, maana itakurukia usoni. Maji yanachemka yenyewe bila moto. Unaacha yapoe. Unayeyusha mawese au mafuta ya ng'ombe, unamimina maji ya kostiki polepole huku ukikoroga kwa mti, mpaka mwiko ukiupitisha unaacha njia. Hapo unamwaga kwenye kisanduku cha mbao na kukiacha wiki kadhaa. Kostiki ikizidi, sabuni inababua mikono. Ikipungua, nguo inatoka na mafuta. Wengine waliiita gwanji. Ilikuwa ya kijivu, yenye harufu ya ng'ombe, na tuliishukuru.

Shuleni kulikuwa na shida ya peke yake. Mwaka 1977 serikali ilitangaza elimu ya msingi kwa wote, watoto wakajaa madarasani, na wote walitakiwa kuvaa shati jeupe. Jumatatu kulikuwa na ukaguzi wa usafi, kucha, nywele na shati. Mwalimu mwenyewe alikuwa amevaa shati la rangi ya udongo. Nafikiri walimu wengi walikuwa na huruma, walikagua kucha kwa muda mrefu ili wasifike kwenye shati. Upele ulienea, chawa wakarudi kwenye mablanketi, na mama aliyekuwa na mtoto mwenye upele alijificha kana kwamba ni kosa lake.

Nilijifungua mtoto wangu wa kwanza Julai 1982, wiki ya umande mkali unaounguza viazi. Mama mkwe alikuwa amejiandaa tangu mimba ilipoonekana: darini alikuwa na kibunda cha kitambaa. Majirani walipokuja kunipongeza, kila mmoja alisalimia kamwene, akakaa, akamtazama mtoto, kisha akafungua kanga yake na kutoa kipande. Vingine vilikuwa vidogo kuliko kiberiti. Kulikuwa na nyekundu ya Lifebuoy ambayo dereva wa lori la Zambia alimwachia mama mmoja kama malipo ya chakula, kulikuwa na buluu ya duka la kijiji, na kijivu ya gwanji. Mama mkwe alivichukua, akavilowesha kidogo, akavikandamiza pamoja kwenye kiganja mpaka vikawa donge moja la rangi rangi, akaliweka kwenye kipande cha kibuyu na kuliacha likauke. Donge hilo ndilo lililofua nepi za mtoto wangu.

Mama mkwe hakuwa anajua kuandika, lakini alikuwa na daftari kichwani. Alijua nyekundu ilitoka kwa nani, na huyo alipofiwa na mumewe mwaka uliofuata, tulimpelekea sabuni kabla ya unga. Hapo ndipo nilipoelewa jibu la bibi kwa baba. Blanketi haliwezi kukatwa. Sabuni inakatwa, na kwa hiyo aliye maskini kabisa naye anaweza kutoa. Inakaa, haiozi kama nyama wala haipati wadudu kama unga, na anayeipokea anaweza kuiweka darini mpaka atakapoihitaji, au akamkatia mwingine. Na la tatu ndilo kubwa kwangu. Ukimpelekea mtu chakula umesema ana njaa. Ukimpa fedha umesema ni maskini. Ukimpa sabuni umesema ni mtu mwenye heshima zake, anayetaka kutoka nje akiwa safi, na umekubaliana naye. Katika miaka ambayo karani, balozi na RTC ndio walioamua nani anuke na nani asinuke, wanawake wa hapa walikuwa wanagawana upya usiku kile kilichogawanywa vibaya mchana.

Machi 1983 ukaanza msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Tukasikia kwamba mijini watu wanatupa bidhaa usiku wasikutwe nazo, sabuni zinakutwa kwenye mashimo na mitaroni. Sisi tuliokuwa tunakata kiberiti cha sabuni mara mbili hatukujua tucheke au tulie. Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, tarehe 12 Aprili 1984, na watu wengi hapa waliomboleza kwa dhati. Mwezi Juni mwaka huohuo bajeti ya Waziri wa Fedha Cleopa Msuya iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi. Mwinyi alipoingia Ikulu Novemba 1985, milango ikapanuka, na jina la Ruksa likamganda. Sabuni ikarudi. Ilirudi na marashi, na picha za wanawake weupe kwenye karatasi yake, na bei iliyotufanya tuikumbuke gwanji.

Jambo moja la mwaka huo wa 1984 wengi hawakuligundua. Ukishika barabara ya Igowole kwenda Kibao unaingia kwenye chai, vilima vya kijani hadi macho yanachoka. Mashamba makubwa ya huko mengi yalikuwa ya kampuni ya Brooke Bond tangu ukoloni. Mwaka huo Unilever iliinunua Brooke Bond, na wachuma chai wake wa Mufindi wakawa wafanyakazi wa kampuni ya sabuni, ileile ambayo mtu wake aliomba nchi hii ifyekwe kwa karanga. Mshahara wa chai ndio uliofungua duka langu. Mwisho wa mwezi wachumaji walikuja na hela, na kitu cha kwanza walichotaja kilikuwa sabuni, yao na ya kupeleka kwao.

Mwisho wa barabara hiyo kuna Mgololo. Kiwanda cha karatasi kilianza kazi katikati ya miaka ya 1980 na mume wangu alikuwa kibarua pale. Alinieleza kwamba misindano inakatwa vipande vidogo, inachemshwa kwa kostiki na dawa nyingine mpaka nyuzi ziachane, na juu ya maji meusi yanayobaki huelea utando mzito ambao mafundi wenyewe wanauita sabuni. Sikumwamini mpaka fundi mmoja aliyekuja kununua sigara aliponithibitishia: mti wa msindano una mafuta, na mafuta yakikutana na kostiki hayana njia nyingine. Kumbe tulichokuwa tunakifanya kwa mwiko jikoni, wao walikuwa wanakifanya kwa matangi bila hata kukitaka.

Leo rafu yangu ina kila aina. Kuna miche, kuna vipande vya kiwandani vilivyofungwa nailoni, kuna ya kuogea, kuna Omo na Foma kwenye vipakiti vya kufulia mara moja. Kuna sabuni ya maji ya vikundi vya akina mama, inayouzwa kwenye chupa za maji zilizotumika. Hao wamejifunza kukoroga kuelekea upande mmoja tu, na ukiwauliza kwa nini wanakwambia mwalimu alisema. Baadhi yao walianza kwa mkopo wa halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato inayotengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Shuleni kuna vibuyu chirizi, na kipande cha sabuni kimetobolewa na kuning'inizwa kwa kamba ili kisiende nyumbani mfukoni mwa mtu. Mwaka 2020, korona ilipoingia, kila duka liliweka ndoo ya koki mlangoni, na kwa miezi michache sabuni ikawa tena kitu cha kuwekewa na mwenye mlango. Ndoo nyingi zimerudi kuhifadhi mahindi.

Sabuni sasa ni rahisi kuliko soda. Kijana mmoja aliniambia kwamba desturi hii imepitwa na wakati, kwamba mzazi wa siku hizi ana sabuni ya kutosha na kumletea nyingine ni kumjazia chumba. Ana hoja. Wazazi wengine hunirudishia miche niwabadilishie na pampasi, nami nawabadilishia. Lakini angalia anachofanya kijana huyo huyo akituma fedha kwa simu. Anaweza kusema "nimekutumia elfu ishirini", na mama akaisikia kama hesabu, au kama malipo, au kama sadaka. Anachagua kusema ya sabuni. Anajua, hata kama hajui anajua, kwamba mama yake ataipokea bila kuinamisha kichwa.

Msambazaji wa mjini amenishauri niache kukata miche. Anasema vipande vya kiwandani vinauzika haraka, havipungui uzito, na havihitaji mtu kusimama na waya. Kwa hesabu yuko sahihi. Mimi bado nakata kwa waya wa breki ya baiskeli, nimeufunga vijiti viwili mwisho wake, nauzungusha kwenye mche na kuvuta mara moja, na ndani ya mche hutoka uso laini wenye unyevu. Kipande cha chini kabisa nakiuza shilingi mia mbili. Hakina faida, nikihesabu waya, muda na vumbi la kukata, nakula hasara. Nakiweka kwa sababu kila wiki kuna mtu anayekuja na sarafu moja na safari ya kwenda kumwona mzazi au mgonjwa, na Nyololo hii, mwenye sarafu moja lazima awe na kitu cha kuweka mkononi mwa mwenzake. Akipata, kesho atarudi kununua chumvi kwangu. Bibi angeiita hiyo hesabu, na mama mkwe angeiandika kwenye daftari lake.